Mafaili Yaliyojaa Wanawake

Tarehe 16 Oktoba 2012, kwenye mdahalo wa urais wa Marekani katika Chuo Kikuu cha Hofstra, New York, mpiga kura mmoja aliwauliza wagombea Barack Obama na Mitt Romney watafanya nini ili wanawake walipwe sawa na wanaume. Kura za wanawake zilikuwa zikiwindwa usiku na mchana.

Romney akasimulia kwamba alipokuwa gavana wa Massachusetts alitafuta wanawake wa kuwapa vyeo, akaletewa mafaili yaliyojaa wanawake. Alikusudia wasifu wao wa kazi. Ulimi ukateleza.

Kabla mdahalo haujaisha, mtandao ulishachangamka kwa vicheko. Wenye utani wakavamia duka la mtandaoni la Amazon, kwenye kurasa za mafaili magumu ya ofisini yenye pete za chuma, wakajaza maoni ya kejeli.

Mzaha huo ulifunika mambo mazito zaidi. Mafaili yale yaliandaliwa na vikundi vya wanawake vyenyewe, si kwa juhudi za Romney. Tena suala la mshahara, lililoulizwa hasa, Romney hakuligusa. Badala yake alimtaja msaidizi wake aliyetaka kuwahi nyumbani kuwapikia watoto.

Siku ya uchaguzi, mahojiano na wapiga kura waliotoka vituoni yalionyesha kwamba Obama alipata asilimia 55 ya kura za wanawake. Mwaka 2008, kabla ya faili lolote, alipata 56.