Je, Wajua? Sheria ya Wasukuma na Mzaliwa wa Vienna

Aliyeziweka kitabuni sheria na mila za Wasukuma, wakiwemo wa kata ya Sapiwi na wilaya nzima ya Bariadi, alizaliwa Vienna, Austria. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, jina lake la awali lilikuwa Koritschoner. Kitabu kilitoka 1953.

Alifariki 1962. Mwaka uliofuata, Sheria ya Mila aliyosaidia kuiandaa ilitangazwa. Humo warithi wana madaraja matatu. Kifungua mimba wa kiume yuko juu. Mabinti wako chini kabisa, na mjane mwenye watoto hapati fungu.

Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliwapa haki wajane wawili wa Kisukuma walionyimwa urithi, ikaitaka Tanzania ibadili sheria hiyo.