Vijana wetu wafundishwe kusoma michoro ya viwanda

Miaka mingi iliyopita, wakati wino wa cheti changu cha kidato cha nne ulikuwa haujakauka, nilikwenda kuomba kazi katika kiwanda kimoja. Mhandisi alikunjua mezani karatasi kubwa iliyojaa mistari, viduara na vipembetatu, kisha akaniuliza, "Pampu hii ikisimama, maji haya yataelekea wapi?" Nilikuwa nimefaulu Kemia, na kusawazisha milinganyo nilikujua. Lakini mbele ya karatasi ile nilikuwa kama mtoto asiyejua alifu wala be. Nilitoka mle nimekabidhiwa koleo.

Hulikumbuka tukio hilo kila nipitapo Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988, na kila nionapo miwa ya kiwanda kipya cha KISCOL kilichojengwa baadaye katika eneo la Msambweni. Watoto wetu wanakua kando ya mitambo hii. Je, ni wangapi wanaoweza kuusoma mchoro wake?

Ndugu msomaji, michoro yenyewe haina uchawi. Mtazame mama anayepika mafuta ya nazi. Anakuna nazi kwa mbuzi, anakamua tui kwa kifumbu, anatenga chicha, kisha anachemsha tui hadi mafuta yaelee. Chora kila hatua kama kisanduku, uviunganishe visanduku kwa mishale: nazi na maji vyaingia, mafuta, chicha na mvuke vyatoka. Huo ndio mchoro wa kwanza wa mhandisi, mchoro wa visanduku.

Kiwanda cha sukari hufuata njia iyo hiyo. Miwa husagwa, makapi yake hupelekwa kwenye tanuri kuchemsha maji yatoayo mvuke, na maji ya miwa hutiwa chokaa na kupashwa moto ili taka zitue chini. Kisha huchemshwa yawe mazito, sukari ikaganda chembechembe, ikatengwa na molasi kwa mashine izungukayo kwa kasi. Mchoro wa pili, yaani wa mtiririko, huonyesha mitambo mikuu ya kazi hiyo pamoja na kiasi cha kila kitu, joto lake na shinikizo lake. Hapo ndipo hesabu hufanywa: uzito uingiao sharti ulingane na uzito utokao na ule uliobaki ndani. Usipolingana, kuna kosa.

Mchoro wa tatu ni wa mabomba na vipimio, nao ndio ulionishinda siku ile. Humo kila bomba lina namba yake. Vipembetatu viwili vilivyogusana ncha ni vali. Kiduara chenye herufi TI ni kipimajoto, chenye PI ni kipimashinikizo. Mstari wa vidoti au wa vipande vipande mara nyingi hauchukui maji, bali huchukua ishara kutoka kipimio hadi kwenye vali. Akiwa na mchoro huu, fundi hujua ni vali ipi aifunge kabla hajafungua bomba lenye mvuke.

Huenda mwanafunzi akauliza, kuna haja gani ya kuhangaika na karatasi ilhali chuma chenyewe kinaonekana? Jibu liko Flixborough, Uingereza. Mwaka 1974, katika kiwanda cha kemikali cha huko, tangi la tano kati ya matangi sita yaliyofuatana lilipata ufa, likaondolewa. Mafundi wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda. Mchoro pekee wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki juu ya sakafu ya karakana. Hesabu za nguvu zake hazikufanywa ipasavyo. Tarehe 1 Juni mwaka huo bomba lilivunjika, gesi ikalipuka, na watu 28 wakafa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale waliuziba, ila waliuziba bila mchoro wa maana.

Kosa lililo kwenye karatasi hufutwa kwa raba; likishakuwa chuma, hulipwa kwa fedha, na pengine kwa roho za watu.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wa Kemia na Fizikia, kuanzia Diani hadi Lungalunga: tusingoje maabara za kifahari. Tuanze na chungu cha mafuta ya nazi, ubao na chaki. Mwanafunzi achore, ahesabu, kisha aulizwe swali lile lile nililoulizwa mimi. Mgodi wa titani wa Kwale ulimaliza uchimbaji wake Desemba 2024, kwa maana madini huisha. Kijana ajuaye kusoma mchoro atakwenda na ujuzi wake kwenye kiwanda kingine chochote, na huko hatakabidhiwa koleo kwa sababu ya kukosa jibu.