Je, Wajua? Kukoroma kwa Mtoto na Meno Yake

Je, wajua kwamba mtoto anayelala kinywa wazi anaweza kuoza meno hata kama anapiga mswaki asubuhi na jioni? Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza ukali wa asidi na kuyarudishia meno madini ya kalsiamu na fosfeti. Usingizini mate hupungua kwa kawaida. Hewa ikipitia kinywani usiku kucha, hata hayo machache hukauka. Ufizi wa mbele huwa mwekundu na kuvimba, na asubuhi kinywa hunuka.

Mara nyingi chanzo cha kulala kinywa wazi ni mafindofindo makubwa, au nyama zilizovimba nyuma ya pua. Pua ikiziba kwa muda mrefu, ulimi hushuka badala ya kuegemea kaakaa, nalo kaakaa hukua jembamba na kuinuka juu, meno yakakosa nafasi. Mtafiti Egil Harvold, aliyefanya kazi Marekani, aliwaziba pua tumbili wachanga: walipozoea kupumulia mdomoni, taya na mpangilio wa meno yao vilibadilika, ingawa si wote kwa namna moja.

Kuziba huko ndiko pia humkoromesha mtoto, lakini wazazi wengi hudhani mtoto akikoroma amelala fofofo. La hasha! Anayekoroma karibu kila usiku, au anayekatika pumzi kisha akashtuka, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usingizi huo haumpumzishi, lakini mchana huenda asisinzie hata kidogo. Badala yake huwa hatulii, hasikilizi darasani, na pengine huishia kuchapwa kwa utundu ambao si wake.