Milima haikutani, lakini maji yake hukutana

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu ndio hukutana. Kuhusu milima walisema kweli. Kuhusu maji ya milima hawakutueleza. Maji yanayoteremka kutoka miteremko ya Mlima Kenya hukutana katika Mto Tana, yakapita chini ya daraja la Garissa, yakanywewa na watu na mifugo ambao wengi wao hawajapata kuuona mlima wenyewe. Basi mtu akiuliza theluji inamhusu nini mwanafunzi wa Garissa, ambaye jua humchoma tangu asubuhi hadi magharibi, jibu ni kuwa inamhusu sana. Dhiki yake ni kwamba lugha tuliyompa ya kuielezea ni finyu, na ufinyu huo una gharama.

Kwanza tuitazame ramani. Mji wa Garissa na kilele cha Batian viko takriban katika latitudo moja, vyote vikiwa kusini kidogo tu mwa Ikweta. Kinachovitenganisha si umbali kutoka kwenye jua bali kimo. Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari. Batian ina mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana, kilele ambacho wakwea wengi hukifikia kwa miguu bila kamba, mita 4,985. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Piga hesabu, mwanafunzi, utaona kwamba kati ya daraja la Tana na kilele kuna tofauti ya nyuzi kama 30. Ndiyo maana siku moja, chini ya jua moja, ngamia hutafuta kivuli huku, na maji huganda kule.

Sasa tuje kwenye maneno. Kiswahili kina maneno mawili mashuhuri: theluji na barafu. Theluji tumeipata kutoka Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na jambo la kustaajabisha ni kwamba katika Kiajemi neno hilo lina maana ya theluji. Barafu ngumu wao huiita kwa jina jingine kabisa. Neno lilipopitia Bara Hindi na Bahari ya Hindi hadi kwetu, lilibadilika likawa jina la kile kipande kigumu kinachotiwa ndani ya kinywaji. Wasomali nao wanalo, nao huliita baraf. Hivyo mtoto wa Garissa huja shuleni akiwa tayari na neno moja kutoka nyumbani, mwalimu humwongezea la pili, na mara nyingi yote mawili huachwa yakatumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Si ajabu kwamba mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1848, mmishonari Johannes Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu, maana hakuwa na jina jingine la kuupa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Wataalamu wa jiografia huko London, akiwemo William Desborough Cooley, walikataa kata kata kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Krapf huyo huyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1850, na kamusi iliyotolewa mwaka 1882 baada ya kufa kwake. Yule kiongozi aliyesema baridi hakuwa mjinga. Alikitaja kitu kwa athari yake, kwa kuwa jina hakuwa nalo. Cooley alikuwa na jina, lakini hakuwa ameona kitu. Kati ya wawili hao, ni nani aliyekuwa karibu zaidi na ukweli?

Leo hatuna udhuru wa yule kiongozi wala wa Cooley, kwani kitu tunakijua na majina tunayo. Juu ya mlima, tofauti kati ya neno moja na jingine ni tofauti kati ya kurejea salama na kutorejea. Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni ikiwa laini. Huweza kunyesha juu ya Mlima Kenya mwezi wowote wa mwaka, ikafunika alama za njia usiku, na kabla ya adhuhuri ikayeyuka na kuiacha njia ikiwa tope. Sakitu ni umande ulioganda; huwa nyeupe juu ya nyasi na mawe alfajiri, na jua likipanda hutoweka. Barafu ni maji yaliyokuwa magumu. Iliyo hatari kuliko zote ni ile nyembamba, isiyoonekana, inayoufunika mwamba baada ya mvua ya jioni kufuatwa na usiku wa baridi kali. Mwenye kuambiwa njiani kwamba huko juu kuna theluji, kumbe kuna barafu ya namna hii, amepotoshwa, japo aliyemwambia hakukusudia kumdanganya.

Kisha ipo barafu ya kale, iliyotokana na theluji ya miaka mingi kurundikana, ikashindiliwa kwa uzito wake wenyewe, ikawa gumba moja zito linaloteremka polepole bondeni. Huo ndio mto wa barafu. Theluji ya jana haiwi mto wa barafu kesho, kama vile mvua ya siku moja isivyofanya mto wa kudumu.

Njia nazo zina tabia zake. Anayepanda kwa njia ya Naro Moru hupita msituni hadi kituo cha hali ya hewa kwenye kimo cha mita 3,050 hivi, kisha huingia katika mteremko wa kinamasi ambao wakati wa mvua humnyima mtu viatu vyake. Baada ya hapo hulifuata Bonde la Teleki mpaka kambi ya Mackinder, mita 4,200. Njia ya Sirimon, upande wa kaskazini magharibi, huwa kavu zaidi. Njia ya Chogoria, upande wa mashariki, hupata mvua nyingi. Siku ya mwisho wakwea huondoka saa nane au saa tisa za usiku. Wanaodhani kwamba huamshwa mapema ili walione jua likichomoza tu hawajakosea, ila hawajamaliza. Usiku ule changarawe ya mteremko huwa imeganda, mguu ukakanyaga pagumu. Jua likishapanda, changarawe hulegea, na kila hatua mbili zikarudisha moja. Aghalabu mawingu nayo hufunika vilele kabla ya adhuhuri.

Na majira? Hapa ndipo mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki anapoweza kumfundisha mwalimu wake. Misimu miwili mizuri ya kuukwea Mlima Kenya ni Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba. Mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera anaijua misimu hiyo vizuri sana kwa majina mengine: wa kwanza ni Jilaal, wa pili ni Hagaa. Ni misimu ile ile ya ukavu, ambayo kwake yeye ni ya kuhesabu siku na kupeleka mifugo mbali kutafuta maji. Mvua za Gu na za Deyr, anazozingojea kwa dua, ndizo zinazofunga njia za mlimani kwa tope na theluji mpya. Neema ya huyu ni kizuizi cha yule. Hata hivyo anga wanayoitazama ni moja na kalenda yao ni moja.

Mlima huu una jambo jingine la kuvutia. Kwa kuwa uko karibu na Ikweta, jua huuzunguka pande zote mbili katika mwaka mmoja. Kati ya Juni na Septemba jua huwa kaskazini, hivyo kuta za kaskazini hukauka zikafaa kupandwa ilhali za kusini hushika barafu. Kati ya Desemba na Machi mambo hugeuka. Katika mlima mmoja, siku moja, mna kipupwe na kiangazi. Kwa upande huo wa kusini, mwaka 1973, Mkenya Thumbi Mathenge pamoja na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu uitwao Almasi, ulio kati ya Batian na Nelion. Sehemu ya chini ya barafu hiyo sasa imekonda mno.

Anayetaka kuteleza kwa mbao mbili miguuni, kama Philip Boit alivyofanya Nagano mwaka 1998 alipokuwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, hana mahali pa kufanyia hivyo hapa. Boit alilazimika kwenda Finland kujifunza, maana mchezo ule hutaka theluji nyingi inayodumu kwa miezi, nayo hatuna. Tulichokuwa nacho ni barafu ya kale, na hata hiyo inatuaga. Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imetoweka. Ule mkubwa kuliko yote, wa Lewis, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na baadaye ukagawanyika vipande viwili. Mahali wakwea walipovuka juu ya barafu wakielekea Nelion pamebaki mwamba na mawe yasiyokaa imara. Mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu sasa huporomoka. Kwa hiyo taarifa ya njia iliyoandikwa miaka 40 iliyopita si mwongozo tena, ni historia.

Wapo wanaohitimisha haraka kwamba barafu ikiisha, Tana itakauka. La hasha! Hapa tena maneno yaliyochanganywa yanatuchanganyia mambo. Sehemu kubwa mno ya maji ya Tana ni mvua inayonyesha juu ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ikanyonywa na msitu na ardhi yake, ikaachiliwa polepole hadi mitoni. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mto wenye urefu wa takriban kilomita 1,000. Zaidi ya hayo, matone yatokayo kwenye barafu ya Lewis hayaelekei Tana hata kidogo. Huteremka Bonde la Teleki, yakaingia Mto Naro Moru, kisha Ewaso Ng'iro, ule unaopita Archers Post na kuishia katika kinamasi cha Lorian, kwenye mpaka wa Isiolo na Wajir. Mlima mmoja unazinywesha pande mbili za Kaskazini Mashariki kwa mito miwili. Kinachoitunza mito hiyo ni msitu, pamoja na uadilifu wa wanaoyachota maji huko juu. Barafu ni shahidi tu wa joto linaloongezeka. Shahidi akinyamaza, kesi haijaisha.

Anayeujua ukweli huu hataomba theluji irudi huku akiuacha msitu ukifyekwa. Kadhalika hatashangaa Tana inapofurika Garissa siku ambayo mjini hakujanyesha hata tone. Mwaka 2018, mwaka 2023 na tena mwaka 2024, watu walihama makazi yao kwa maji ambayo mengi yalinyesha mbali, yakajaza mabwawa ya Masinga na Kiambere, yakaja. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mto hutoka kwenye theluji hawezi kuyafahamu mafuriko hayo. Anayeambiwa kwamba hutoka kwenye mvua ya mlimani ataitega sikio taarifa ya hali ya hewa ya Meru na Embu kama anavyoitega ya kwao.

Basi tufanyeje? Jiografia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za sekondari, na somo la barafu na mabonde yake ni miongoni mwa yale yanayokaririwa bila kuonwa. Sisemi lugha ya mtihani ibadilishwe kesho. Nasema mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Kiswahili wakae pamoja kipindi kimoja, waandike ubaoni theluji, sakitu, barafu na mto wa barafu, kila neno na maana yake, na kando yake Jilaal, Gu, Hagaa na Deyr. Mtoto aliyezaliwa katika lugha inayomtofautisha ngamia kwa umri, jinsia na hali yake hahitaji kufundishwa kwamba maneno hutofautisha vitu. Anahitaji kupewa hayo maneno tu.

Sisi wa vyuo vikuu nasi tuna deni. Waongozaji na wapagazi wa Naro Moru na Chogoria wameishi na mlima huu maisha yao yote, na hapana shaka wanayo maneno ya changarawe iliyoganda, ya ukungu wa adhuhuri na ya barafu isiyoonekana. Badala ya kujifungia ofisini tukiunda istilahi ambazo hakuna atakayezitumia, twende tukayasikilize yao, tuyaandike, tuyatie katika kamusi. Tena tufanye haraka. Barafu yenyewe inakwisha, na neno ambalo kitu chake kimekwisha husahauliwa upesi.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha ya taifa haina budi kuenea kutoka mita 150 hadi mita 5,199, ili anayesimama kwenye daraja la Garissa akitazama maji mekundu ya Tana yakipita aweze kusema, kwa maneno yake mwenyewe na bila kukosea, yametoka wapi.