Gari jipya, mafuta chini, na mwanamke juu ya kapo



Mwezi wa Aprili 2019, katika mji wa Xi'an, nchini China, mwanamke mmoja aliingia katika duka linalouza magari ya Mercedes-Benz. Akapanda juu ya kapo ya gari lililokuwa mle ndani, akaketi, akaanza kulia na kueleza shida yake kwa sauti. Watu wakamchukua video kwa simu. Kwa siku chache video hiyo ilizunguka China nzima, kisha ikavuka mipaka. Wengi waliiona ni jambo la kucheka: mtu mzima, tena mwenye kuvaa vizuri, amekaa juu ya gari kama mtoto juu ya ukuta wa jirani! Lakini waliosikiliza maneno yake waliacha kucheka.

Alikuwa amenunua gari jipya la aina ya CLS 300 kwa yuan 660,000, karibu dola 98,000. Alilinunua kwa sababu alikuwa anatimiza miaka 30. Hata kabla ya kutoka vizuri pale dukani, alama ikawaka mbele ya usukani: mafuta ya moteri yanapungua. Kumbe yalikuwa yanavuja. Gari lilikuwa halijatembea hata kilometa moja. Hatuwezi kusema ni mashimo ya barabara, wala ni dereva mubaya.

Akarudi mara moja. Mwanzo walimwambia watamrudishia pesa zake. Siku zikapita. Wakamwambia kurudisha pesa ni vigumu, watambadilishia gari. Siku zikapita tena. Mwishoni wakamwambia kwamba, kulingana na sheria ya garanti, kitu anachoweza kupata ni moteri nyingine tu, iwekwe ndani ya gari lile lile. Angalieni vizuri namna ahadi ilivyoshuka: kwanza pesa, kisha gari, kisha kipande cha gari. Kila siku aliyongoja ilimpunguzia haki, na wao hawakupoteza kitu.

Sheria waliyoitaja ilikuwako kweli. China iliiweka tangu mwaka 2013 kwa ajili ya magari. Iliruhusu mnunuzi kurudisha gari au kubadilishiwa, ndani ya siku 60 au kilometa 3,000, kama usukani umeacha kushika, kama breki zimekufa, kama bodi imepasuka, ao kama esansi inavuja. Esansi ilitajwa, mafuta ya moteri hayakutajwa. Duka likashikilia pale pale. Mimi kama mwalimu ninajua aina hiyo ya ujanja, kwa sababu ninauona kila mwaka kwenye karatasi za mitihani: mwanafunzi ambaye hakusoma somo, lakini amesoma vizuri sana neno moja la swali.

Jambo lililowagusa Wachina wengi ni maneno ya yule mwanamke juu ya elimu yake. Alieleza kwamba amesoma mpaka juu katika chuo kikuu, kwamba kwa juma mbili alijaribu kuongea kwa adabu kama mtu aliyesoma, na kwamba adabu haikumfikisha popote. Aliona haya kufanya alichofanya. Alifanya hata hivyo, na wakati huo ndipo milango ilifunguka. Tarehe 16 Aprili wakapatana: gari lingine jipya la aina ile ile, huduma ya pekee kwa miaka 10, safari ya kwenda kuona kiwanda kule Ujerumani, na hata sikukuu yake ya kuzaliwa kufanywa upya. Mambo mengi hayo hakuyahitaji. Alihitaji gari lisilovuja, na alilihitaji siku ile ya kwanza.

Kulikuwa na jambo la pili, na ninaomba tukae juu yake kidogo. Yeye alisema alikuja na uwezo wa kulipa bei yote mara moja. Muuzaji ndiye aliyemsukuma achukue kredi, akimwonyesha kwamba ni faida yake. Kisha wakamdai zaidi ya yuan 15,000, kiasi kinachopita dola 2,000, wakaiita malipo ya huduma ya kredi. Pesa hizo hazikupita kwenye kaunti ya duka. Alizituma kwa simu kwenda kwa mtu binafsi, na hakupewa fakture. Habari hiyo ilipotoka, wanunuzi wengine wa magari huko China walianza kuchambua karatasi zao na kukuta kwamba nao walilipa kitu cha namna hiyo bila kujua ni cha nini. Mwezi wa Mei 2019, serikali ya pale Xi'an ililitoza duka lile faini ya yuan milioni 1. Na tangu Januari 2022, sheria mpya ya China inasema kwamba kama moteri inahitaji kubadilishwa ndani ya siku 7 tangu kununua, mnunuzi mwenyewe ndiye anachagua: arudishe gari ao apewe lingine.

Sasa najua mama mmoja atauliza: Mercedes inatuhusu nini sisi ambao hata sabuni tunanunua kwa deni?

Inatuhusu kwa sababu pesa nyingi hazikumlinda. Mtu anayelipa dola 98,000 tunamfikiri atabebwa kwa mikono. Alitendewa vile vile kama mama aliyenunua frigo sokoni: mbele ya kulipa unaitwa mama, unapewa kiti na maji ya baridi, kisha kulipa, patroni hayuko, ufunguo hauko, rudi siku ya posho. Basi tatizo haliko katika udogo wa pesa zetu, kama tulivyozoea kujisemea. Liko katika nani anajua nini, na nani ameshika karatasi gani.

Juu ya bei, kuna watu waliopima jambo hili kwa uangalifu. Ian Ayres na Peter Siegelman, wataalamu wa Marekani, walituma watu katika maduka ya magari mapya ya mji wa Chicago na vitongoji vyake, ziara zaidi ya 300, wakachapisha matokeo mwaka 1995. Hayo yalikuwa magari ya kawaida. Waliotumwa walikuwa wanaume na wanawake, weupe na weusi, wenye umri wa miaka 28 mpaka 32, wenye masomo yanayofanana na mavazi yanayofanana. Wote walifundishwa kusema maneno yale yale na kupatana bei kwa namna ile ile. Gari moja, maneno mamoja, bei mbalimbali! Kwa bei ya mwisho, mwanamke mweupe aliombwa karibu dola 92 zaidi kuliko mwanaume mweupe. Mwanamke mweusi aliombwa karibu dola 410 zaidi. Mwanaume mweusi ndiye aliyeumia kupita wote: dola 1,100 zaidi. Niliposoma hesabu hizo mara ya kwanza nilidhani wanawake weusi ndio watakuwa wa mwisho. Sivyo ilivyokuwa, na tuseme ukweli jinsi ulivyo.

Utafiti wa pili ndio ninaoupenda zaidi, maana unatuonyesha mlango. Ulitoka mwaka 2017, na ulifanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, hapo hapo Marekani. Walipigia simu garaji nyingi sana wakiuliza bei ya kubadilisha radiateri ya Toyota Camry ya mwaka 2003. Bei ya haki ilikuwa karibu dola 365. Mwanaume aliyesema hajui bei yoyote aliambiwa, kwa wastani, dola 383. Mwanamke aliyesema vile vile aliambiwa dola 406. Lakini mwanamke aliposema, "Nimesikia ni kama dola 365," tofauti kati yake na mwanaume ikaisha kabisa. Tena waliporudi kuomba bei ipunguzwe mpaka 365, garaji zilikubalia wanawake mara nyingi kuliko wanaume: wanawake 35 kwa 100, wanaume 25 kwa 100.

Someni tena hesabu hiyo ya mwisho, tafazali. Mwanamke anayeomba kupunguziwa anapunguziwa kuliko mwanaume. Kinachomuumiza ni ule wakati wa kwanza, anapoingia na kusema, "Mimi sijui mambo ya magari, niambie tu." Wamama wetu wa sokoni wanajua jambo hili bila kusoma utafiti. Hakuna mama anayeuza unga ambaye anamuuliza mwenye lori, "Mfuko ni ngapi?" kabla ya kuzungukia wengine watatu. Lakini mama huyo huyo akienda kununua jenereta, simu ya bei ao gari la likelemba yao, anaingia kama mgeni. Vitu vyenye moteri na waya tumeviachia wanaume, na wauzaji wanajua hilo.

Hapo linakuja lile swali: "Mume wako yuko wapi?" Wengi wenu mmelisikia. Zamani lilikuwa na mzizi katika sheria. Code de la famille yetu ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba, na kwa hiyo banki na maduka yaliomba karatasi ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inasema kwamba mume na mke wapatane juu ya mikataba inayowafunga, wote wawili sawasawa. Muuzaji akikuuliza mume anasema nini, unaweza kumuuliza kwa upole kama wanaume waliomtangulia jana walikuja na ruhusa ya wake zao. Mimi nimejaribu mara moja. Alicheka, kisha akatoa fakture.

Kuna sheria nyingine, ya zamani zaidi, ambayo wachache wanaitumia. Sheria yetu ya mikataba inatoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati Kongo ilikuwa ingali mikononi mwa Leopold II. Ndani yake mna jambo la ubovu uliofichika. Muuzaji anawajibika kwa ubovu ambao mnunuzi hakuweza kuuona, kama unafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi ana njia mbili: arudishe kitu na kupewa pesa zake, ao akishike na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua ubovu huo akanyamaza, anadaiwa pia hasara iliyotokea. Lakini kuna masharti mawili yanayotuangusha. Ubovu unaoonekana kwa macho ni wako ukiisha kuukubali. Ndiyo maana kitu kichomekwe, kiwashwe, kifunguliwe pale pale dukani, hata kama watu nyuma yako wanapiga kelele. Na lazima ulalamike haraka. "Rudi juma lijalo" inamfaa muuzaji kwa sababu hiyo: unapongoja kwa uvumilivu, wakati wako unapita.

Tena angalia kama kwenye fakture wameandika kwamba kinauzwa bila garanti. Sheria inamruhusu muuzaji asiyejua ubovu kujiondoa kwa maneno kama hayo. Kwa magari ya okazyo, yale yanayotoka Japani na kushuka Dar es Salaam ao Mombasa mpaka kwetu, maneno hayo ni ya kawaida. Basi kule garanti yako ni fundi wako mwenyewe: mlipe aje kulitazama gari mbele ya kununua. Pesa ya fundi ni ndogo. Moteri siyo.

Kwa vikundi vinavyonunua kitu cha wote pamoja, ningesema hivi. Asiende mama mmoja. Waende wawili, mmoja wa kuongea na mwingine wa kuandika. Muuzaji akisema, "tutabadilisha," yule wa kuandika aulize: lini, kwa kitu gani, na jina lako nani? Kisha amwombe atie sahihi. Pesa yoyote inayotumwa kwa simu iende kwa namba ya duka, wala si ya kijana anayewahudumia, hata awe na tabasamu ya namna gani. Kama kuna malipo yenye jina lisiloeleweka, kama "huduma" ao "dosie", ulizeni ni huduma ipi kabla ya kutoa, maana kisha kutoa swali hilo halina tena nguvu. Na fakture iwe na namba ya kitu chenyewe, ile iliyopigwa kwenye chuma, isiyoandikwa tu "frigo 1".

Wenye fakture za vitu vilivyoharibika kabla ya miezi sita wazilete kwenye kikao cha siku ya posho, pamoja na karatasi ya garanti kama iko. Tutazisoma pamoja, neno kwa neno. Wasio na fakture walete angalau ujumbe wa simu unaoonyesha malipo, na tarehe.