Umeandikiwa Prednisoloni? Muulize Daktari Kuhusu Mnyoo Huyu Kwanza

Wengi wetu tukisikia minyoo tunafikiria watoto. Tumbo limejaa, unanunua kidonge kimoja, anatafuna, mambo yameisha. Lakini yupo mnyoo mmoja anayeweza kukaa ndani ya mtu mzima miaka 40 bila kumsumbua sana, halafu akamuua ndani ya wiki chache. Na mara nyingi kinachomfungulia njia ni dawa ambayo mtu ameandikiwa hospitali kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kitaalamu anaitwa Strongyloides stercoralis. Hapa tumwite strongiloidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu kati ya milioni 300 na 600 wanaye, wengi wao katika nchi za joto kama zetu.

Anaingiaje? Humli kwenye chakula kama unavyodhani. Minyoo wachanga wanakuwa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na ukipita peku wanatoboa ngozi ya mguu. Wanaingia kwenye damu, wengi wanafika mapafuni, wanapanda hadi kooni, unawameza bila kujua. Huko kwenye utumbo mwembamba wanakua kufikia urefu wa kama milimita 2. Wanaokaa humo ni majike tu, wala hawahitaji dume ili watage.

Sasa hapa ndipo strongiloidi anapotofautiana na minyoo wengine. Safura au mchango, mayai yao lazima yatoke nje kwanza, kwa hiyo wakubwa wakifa kwa uzee na wewe hujaambukizwa tena, umepona. Mayai ya strongiloidi yanaanguliwa humohumo tumboni. Wengi wa wachanga wanatoka na choo, lakini wachache wanakomaa kabla ya kutoka, wanatoboa ukuta wa utumbo au ngozi ya sehemu ya haja kubwa, na safari inaanza upya. Yaani unajiambukiza mwenyewe, mwaka hadi mwaka.

Ushahidi upo. Wanajeshi wa Uingereza na Australia waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli ya Thailand na Burma katika Vita Kuu ya Pili walirudi makwao mwaka 1945. Zaidi ya miaka 30 baadaye, madaktari waliwakuta baadhi yao bado wana strongiloidi, wakati Uingereza, kwa mfano, si mahali pa kumpata.

Mtu mwenye kinga nzuri hubaki na minyoo wachache tu. Atawashwa kidogo, au atapata alama nyekundu inayotembea kwenye makalio au paja, au tumbo la hapa na pale. Wengine hawahisi chochote. Shida inakuja kinga ikishushwa.

Dawa zinazoongoza kwa hilo ni za jamii ya steroidi: prednisoloni, deksamethasoni na ndugu zao. Zinatolewa kwa pumu kali, lupasi, ugonjwa wa viungo, saratani, na kwa aliyepandikizwa figo. Ni dawa nzuri, zimeokoa wengi. Ila zinawalaza askari wa mwili waliokuwa wanamzuia mnyoo. Kuna wagonjwa waliozidiwa hata baada ya kuzitumia siku chache. Na hapo sijataja wale wanaozinunua dukani kienyeji ili wanenepe!

Minyoo wanapofumuka, maelfu wanatoboa utumbo kwa pamoja. Tumbo linauma, mtu anatapika, utumbo unaweza kusimama kufanya kazi. Wanapofika mapafuni anakohoa, wakati mwingine damu, na kifua kinabana. Hali hiyo inafanana na pumu, hivyo kuna wagonjwa walioongezewa steroidi, na moto ukazidi. Kibaya zaidi, minyoo hao wanabeba bakteria wa kwenye kinyesi na kuwaingiza kwenye damu, hata kwenye utando wa ubongo. Bakteria hao ndio huwamaliza wengi. Asiyetibiwa minyoo hupona kwa nadra sana.

Utadhani wenye VVU ndio wangeongoza. Hapana. Wapo wanaougua, lakini VVU peke yake haionekani kumfumua mnyoo huyu kama steroidi zinavyofanya. Kirusi kingine kiitwacho HTLV-1 ndicho kinachompa nafasi kubwa.

"Mimi huwa nakunywa dawa ya minyoo kila mwaka." Sawa, lakini kidonge kimoja cha albendazoli mara nyingi hakimmalizi huyu. Dawa yake ya kwanza ni ivermektini, na dozi huhesabiwa kwa kilo zako. Usijinunulie tu. Kwa mfano, kwenye maeneo ya misitu ya Kongo yenye mnyoo wa jicho aitwaye Loa loa, mtu mwenye minyoo hao wengi kwenye damu anaweza kudhurika vibaya ubongo akiimeza.

Kipimo cha choo cha kawaida, mara moja, humkosa mara nyingi kwa sababu wachanga wanaotoka ni wachache. Husaidia kurudia kwa siku kadhaa, au kupima damu pale kipimo kipo. Pasipo na kipimo, daktari anaweza kuamua kukupa ivermektini kabla ya kuanza steroidi. Kwa hiyo mwambie kama umelima peku, umekulia mahali pasipo na vyoo, au una hiyo alama inayotembea. Na kama tayari unatumia steroidi, usiziache ghafla kwa hofu, kwa kuwa hilo nalo ni hatari. Nenda ukaulize.

Wanaosubiri figo wana jambo moja zaidi la kuulizia: anayewachangia naye apimwe, maana imeshatokea mnyoo huyu akahamia kwa mgonjwa pamoja na figo.