Mwatiko Wakielea Alfajiri: Jinsi ya Kuyasoma Maji ya Kidimbwi Chako

Mfugaji wa mwatiko anaweza kulala samaki wake wakiwa wazima na kuamka akakuta nusu yao wanaelea. Jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba kuna mtu ametia sumu. Wengine husema ni maradhi. Mara nyingi si hili wala lile. Ni maji yenyewe yamebadilika, na yalikuwa yametoa ishara kabla ya samaki kufa.

Ufugaji wa viumbe wa baharini si jambo geni kwetu. Ngomeni ilikuwa na shamba la kamba lililoanzishwa kwa msaada wa FAO mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo vikundi vingi kandokando ya mikoko vinafuga mwatiko, na msimu mmoja ukiharibika, karo na mtaji wa vifaranga wapya huenda pamoja nao.

Kwa nini kidimbwi si bahari

Baharini maji hujaa na kupwa kila siku, na uchafu huchukuliwa. Vidimbwi vyetu vingi hupata maji mapya wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, maji huenda yasifike mlangoni kabisa. Kila chakula kilichobaki na kila choo cha samaki hukaa mle mle. Kwa hiyo shida nyingi hutokea siku hizo, na mfugaji anafaa kuwa macho zaidi.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Hii ni dalili ya upungufu wa oksijeni. Mchana, mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku mimea hiyo hiyo huitumia oksijeni, pamoja na samaki na matope yanayooza. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki huanza kutaabika. Maji ya moto na yenye chumvi nyingi hubeba oksijeni kidogo zaidi.

Pima kwa mkono wako. Tumbukiza mkono ulionyooka hadi kiwikoni. Ikiwa kiganja kinapotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi. Simamisha chakula na samadi, kisha ingiza maji mapya bahari ikiruhusu. Kama bahari haijafika, tumia pampu kurusha maji ya kidimbwi hewani yaanguke tena. Usiingie kidimbwini kukoroga matope, kwa sababu utaongeza madhara.

Chumvi kupanda au kushuka ghafla

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Wakati wa kiangazi, jua hunyonya maji na chumvi hubaki, kama inavyofanyika katika mashamba ya chumvi ya Gongoni. Mwatiko ni mvumilivu, lakini chumvi ikizidi sana ukuaji hupungua. Dawa ni kuongeza maji kila bamvua bila kukosa.

Mvua kubwa huleta shida kinyume chake. Maji ya mvua ni mepesi, hivyo hutanda juu ya maji ya chumvi kama kifuniko. Maji ya chini hukosa hewa na oksijeni yake huisha. Baada ya mvua, maji ya hori yakipwa, ondoa mbao za juu za mlango ili maji baridi ya juu yatoke, na uache yale ya chini.

Maji maangavu na udongo wenye rangi ya kutu

Wengi hufurahia maji yanayong'aa. Katika ardhi ya mikoko, hiyo inaweza kuwa dalili ya asidi. Udongo wa mikoko una madini ya chuma na salfa ambayo hayana madhara yakiwa chini ya maji. Ukichimba na kuyaanika, hewa huyageuza kuwa asidi. Mvua ikinyesha, asidi huoshwa kutoka kwenye kingo hadi kidimbwini. Samaki hufa mara tu baada ya mvua, na kingo huonyesha madoa ya kutu au manjano.

Pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kati ya 6.5 na 9 ni salama. Chini ya 4 samaki hawaponi. Jaza na umwage kidimbwi mara kadhaa kabla ya kuweka vifaranga, na nyunyiza chokaa ya kilimo, hasa kwenye kingo. Usitumie chokaa kali ya ujenzi kidimbwi kikiwa na samaki. Usikianike kidimbwi cha aina hii kwa wiki nyingi.

Samaki wamekataa chakula, matope yananuka

Chakula kinachozidi huoza na kutoa amonia. Sumu yake hukua pH inapopanda, na pH hupanda zaidi alasiri. Hapa ndipo wafugaji hukosea: wanaona samaki wamedhoofika, wanamwaga chokaa. Chokaa hupandisha pH na kuifanya amonia iwe kali zaidi. Chokaa huponya asidi, lakini huua penye amonia. Pima kwanza. Ikiwa ni amonia, acha kulisha kwa siku mbili au tatu na ubadilishe maji.

Matope meusi yenye harufu ya yai viza yana gesi nyingine ya sumu. Yaondoe baada ya mavuno, kabla ya kuweka samaki wapya.

Ukikuta samaki wamekufa

1. Andika saa, hali ya hewa na kama ni bamvua au maji mafu.
2. Chota maji kwenye chupa safi, kutoka juu na kutoka chini.
3. Simamisha chakula, samadi na chokaa hadi upime.
4. Badilisha maji ikiwezekana.
5. Usiuze wala kula samaki waliokufa bila sababu kujulikana. Wazike mbali na maji.

Peleka chupa hizo na maelezo yako kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako siku hiyo hiyo. Maji yakikaa, vipimo hubadilika. Kikundi kikiwa na daftari la maji la kila asubuhi, afisa ataweza kuona mabadiliko yalianza siku gani. Daftari hilo pia litaamua mengi kabla jirani hajalaumiwa.